Kukiri na Kutubu: Riwaya ya Upelelezi ya Kikristo na Mji Mdogo wa Ziwani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza aina ya riwaya ambayo wengi wetu tumeisoma kwa Kiingereza lakini hatujaizoea katika madarasa yetu ya fasihi ya Kiswahili. Hii ni riwaya ya upelelezi ya Kikristo, hususan ile inayomweka afisa wa polisi katika mji mdogo na kumkabidhi mambo mawili kwa wakati mmoja: kesi ya jinai na swali la imani. Tutaeleza sifa za utanzu huu na asili yake. Kisha tutautazama urithi wetu wa riwaya ya upelelezi ili tuone ni wapi imani imeguswa na ni wapi imeachwa nje.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumechagua mji mmoja uwe kielelezo cha mandhari. Mji huo ni Usenge, katika eneo la Yimbo, Kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Barabara inayotoka Kisumu kupitia Bondo hufika hapo ikakutana na maji. Karibu nao pana kilima cha Got Ramogi, ambacho masimulizi ya Waluo yanakitaja kuwa miongoni mwa makazi ya kwanza ya mababu zao katika nchi hii.

Hoja yetu kuu ni kwamba taharuki katika riwaya hii haitokani na swali la nani aliyetenda peke yake. Hutokana zaidi na umbali uliopo baina ya kukiri mbele ya sheria na kutubu mbele ya Mungu. Mwandishi anayeuona umbali huo hupata riwaya. Asiyeuona huishia kuandika ama ripoti ya polisi ama mahubiri.

2.0 Sifa na Asili ya Utanzu

Riwaya ya upelelezi huwa na uhalifu, fumbo, mpelelezi na ufumbuzi. Ile ya Kikristo huongeza mambo matatu. Kwanza, imani ya mpelelezi, au kupotea kwa imani hiyo, huathiri namna anavyoifanya kazi yake. Pili, jamii inayosawiriwa huwa ndogo kiasi kwamba mpelelezi, mshukiwa na jamaa za marehemu hukutana sokoni, matangani na kanisani. Tatu, fumbo linapofumbuliwa riwaya haikomi, kwani huzuka swali la pili: aliyetenda atafanywaje, na nani ana haki ya kumsamehe?

Utanzu huu una mizizi ya kale. Katika kitabu cha Mwanzo, Kaini anaulizwa aliko nduguye, naye anajibu kwa kukwepa. Tayari tuna mwulizaji, mshukiwa na mwili uliofichwa. Nabii Nathani anamsimulia Daudi kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee, na mfalme anatoa hukumu kali bila kujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Biblia za Kikatoliki zina sura mbili zaidi katika kitabu cha Danieli. Katika moja, Danieli anawatenganisha wazee wawili wanaomsingizia Susana na kumwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani walikomwona. Miti wanayoitaja haifanani. Katika nyingine anamwaga majivu sakafuni mwa hekalu, na asubuhi nyayo za makuhani zinaonyesha ni nani hasa aliyekuwa akila chakula cha sanamu. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, alivijumuisha visa hivi viwili katika mkusanyo wake wa hadithi za upelelezi wa 1928. Wasomaji wa tenzi zetu watakikumbuka pia kisa cha Nabii Yusuf, ambamo kanzu iliyochanwa kwa nyuma ndiyo iliyomwondolea tuhuma.

Katika nyakati za karibuni zaidi, mfano unaojulikana sana ni Padri Brown wa G. K. Chesterton, aliyeanza kuonekana katika hadithi za mwaka 1910. Huyu ni kasisi mfupi, mnene, asiye na madoido. Anawafahamu wahalifu kwa sababu amekaa miaka mingi akisikiliza maungamo. Flambeau, mwizi stadi anayekutana naye katika hadithi ya kwanza, hatimaye anaacha wizi na kuwa mpelelezi. Maisha ya mhusika huyo yanaonyesha nia ya utanzu mzima: mhalifu si fumbo la kufumbuliwa tu, ni nafsi inayoweza kugeuka.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Ronald Knox, naye kasisi wa Kikatoliki na mwandishi wa riwaya hizi, alipotunga kanuni kumi za hadithi ya upelelezi mwaka 1929, alipiga marufuku nguvu zisizo za kawaida kutumiwa kufumbua fumbo. Kasisi aliyeamini miujiza hakuiruhusu kuingia katika upelelezi. Alijua kwamba msomaji huweka mkataba na mwandishi: dalili zitolewe kwa haki, na jibu lipatikane kwa akili. Frank Peretti wa Marekani alikwenda kinyume na mkataba huo katika riwaya yake ya 1986, This Present Darkness, ambamo malaika na mapepo wanapigana waziwazi juu ya mji mdogo uitwao Ashton. Riwaya hiyo ilipendwa mno na ikafungua njia kwa waandishi wengi, ila taharuki yake ni ya vita na si ya upelelezi. Ni vyema mwanafunzi atenganishe njia hizi mbili kabla ya kuzihakiki.

3.0 Urithi Wetu

Tukirudi Afrika Mashariki, tunakuta kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa kukabiliana na imani, ingawa si ya Kikristo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Hapo maiti inaonekana mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wa kale ndio waliofanya. Bwana Msa, akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum, anaonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Kisima cha Giningi (1968) pia imechukua jina la mahali panapovumishwa kuwa baraza la wachawi. Kwa Abdulla, basi, upelelezi ni kazi ya kuondoa pazia la ushirikina ili akili ione.

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliuhamishia upelelezi mjini Dar es Salaam na kuukabidhi polisi. Baadaye Elvis Musiba alituletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango. Hawa ni mashujaa wa mbio, bastola na hoteli kubwa. Wanaitetea nchi, lakini nadra kuwaona wakipiga magoti.

Imani ya Kikristo ilishughulikiwa kwingine, katika riwaya tunayoiita dhati. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa lilelile la Usenge, aliandika Rosa Mistika (1971) akitumia jina linalotoka katika litania ya Bikira Maria. Riwaya hiyo haina polisi wa kuifumbua, lakini inahitimishwa kwa kulifikisha suala la lawama mbele ya Mungu: kati ya binti aliyepotoka na baba aliyemlea kwa kiboko, nani alaumiwe? Hilo ni swali la mahakama, ila limehamishiwa mbinguni.

Kwa upande wa fasihi ya Kiingereza nchini Kenya, riwaya iliyoukaribia zaidi utanzu huu ni Petals of Blood (1977) ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wanafia motoni katika mji mdogo wa Ilmorog, na Inspekta Godfrey anatumwa kupeleleza. Mwishowe inabainika kwamba aliyewasha moto ni Munira, mwalimu aliyeokoka, kwa imani kwamba alikuwa akimnusuru Karega kutoka kwa Wanja. Hapa imani haimwongozi mpelelezi. Ndiyo inayompa mkosaji sababu. Inspekta anapata jibu la nani, lakini hana macho ya kuona kwa nini mji wenyewe ulikuwa umeoza. Ngũgĩ hakuwa akiandika riwaya ya Kikristo. Hata hivyo, anayetaka kuiandika hana budi kumjibu, kwa kuwa alionyesha kwamba wokovu nao unaweza kuua.

Margaret Ogola naye, katika The River and the Source (1994), anatuleta hadi mlangoni mwa Usenge. Akoko, mhusika wake mkuu, ni binti wa chifu wa Yimbo aliyeolewa Sakwa. Shemejiye anapojitwalia kiti cha uchifu na mali, Akoko anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali ya kikoloni, na anasikilizwa. Miaka ya baadaye anaipitisha misheni ya Aluor pamoja na bintiye. Sheria kwanza, imani baadaye: njia zote mbili zimepitwa na mtu mmoja, na kila moja ikampa kitu ambacho nyingine haikuwa nacho.

Hivyo urithi wetu una vipande vyote. Tuna mpelelezi anayetumia akili, tuna mji mdogo, tuna mashaka ya kidini, tuna ziwa. Kinachobaki ni kuviweka katika msuko mmoja, kwa Kiswahili.

4.0 Usenge kama Mandhari ya Taharuki

Katika mji mdogo siri haifichwi kwa kutojulikana. Hufichwa kwa kutosemwa. Waswahili walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mji wa wavuvi kata ni nyingi, na kila moja imezama mtungini kwa wakati wake. Mtu akiibiwa nyavu, kuna wanaotambua fundo za mshonaji aliyezirekebisha. Mashua ikirudi bila mmoja wa wavuvi wake, wauza samaki waliokuwa wakingoja ufuoni alfajiri ndio mashahidi wa kwanza. Uvuvi wa omena hufanywa usiku wa giza kwa taa zinazoelea majini, na kutoka ufuoni mtu huona msururu wa taa bila kujua ni ya nani imesogea, ni ya nani imezimwa. Mpelelezi wa Nairobi hutafuta jina katika umati. Wa Usenge ana majina yote tangu siku ya kwanza, na kazi yake ni kuuvunja ukimya.

Aidha, mji kama huu una mamlaka kadhaa zinazopishana: kituo cha polisi chenye OCS na kitabu cha matukio, chifu na naibu wake, wazee wa Nyumba Kumi, na kamati ya usimamizi wa ufuo, yaani BMU, iliyopewa nguvu na kanuni za uvuvi za 2007. Nje ya hizo zote kuna wachungaji, mapadri na manabii. Kosa moja linaweza kupelekwa kwa yeyote kati ya hawa, na uamuzi wa jamaa wa kulipeleka kwa mchungaji badala ya kwenda kuchukua nambari ya OB ni tukio la kiusimulizi lenye uzito wake.

Tena makosa ya sheria na makosa ya imani hayalingani. Kuvua omena katika kipindi kilichopigwa marufuku, au kutumia wavu wenye matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa, ni kosa la jinai, lakini anayefanya hivyo ili alishe watoto huenda asione dhambi yoyote. Kinyume chake, desturi ya jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili apate samaki wa kununua, huumiza watu wengi bila kuandikwa katika kitabu chochote cha kituo. Afisa anayeamini hujikuta akimfunga asiyemwona kuwa mwovu na kupishana njiani kila asubuhi na mwovu ambaye hawezi kumshtaki.

Suala la lugha linatuhusu sisi moja kwa moja. Polisi wa Kenya huhamishwa mara kwa mara na wengi hufanya kazi mbali na kwao, kwa hiyo afisa wa Usenge anaweza kuwa mtu asiyejua Dholuo. Kiswahili ndicho lugha ya kituo. Mama anaomboleza kwa Dholuo, jirani anatafsiri kwa Kiswahili, konstebo anaandika taarifa kwa Kiswahili au Kiingereza, na mahakama ya hakimu inaendesha kesi kwa mojawapo ya lugha hizo mbili. Katika kila hatua kitu kinaweza kudondoka. Tuchukue neno moja tu. Kwa Dholuo shahidi ni janeno, nomino inayotokana na kitenzi neno, yaani kuona: shahidi ni yule aliyeona. Kiswahili chetu kimelichukua neno shahidi kutoka Kiarabu pamoja na maana zake mbili, anayetoa ushahidi na anayekufa kwa ajili ya imani, ndiyo maana Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga na kutangazwa watakatifu mwaka 1964 huitwa Mashahidi wa Uganda. Anayeambiwa aje kituoni awe shahidi anaweza kusikia mwito wa kueleza alichoona, au mwito wa kuhatarisha maisha. Riwaya ya Kiswahili inaweza kulitumia neno hili katika maana zake zote bila kulazimisha.

Hata Katiba ya 2010 inampa mwandishi saa ya kuhesabia. Kifungu cha 49 kinaagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Na zikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi, afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Chukua basi mshukiwa aliyekamatwa Ijumaa jioni. Saa zake zitaisha Jumamosi jioni, kwa hiyo atangoja hadi Jumatatu. Katikati yake kuna Sabato ya Waadventista, ambao wamekuwa na misheni katika Nyanza tangu 1906, na Jumapili ya Wakatoliki, Waanglikana na wengineo. Mji mzima utasali kabla ya hakimu kusikiliza lolote. Msuko wa riwaya umekwisha kujipanga.

5.0 Kukiri, Kuungama na Kutubu

Lugha yetu ina vitenzi vitatu ambavyo mara nyingi tunavitumia kana kwamba ni kimoja. Kukiri ni kukubali kwamba jambo ni kweli. Mshtakiwa hukiri kosa, na muumini vilevile hukiri imani. Kuungama ni kuyataja makosa yako mwenyewe mbele ya anayestahili kuyasikia. Kutubu ni kugeuka na kuacha. Mtu anaweza kukiri bila kutubu, kwa mfano ili apunguziwe adhabu. Anaweza pia kutubu bila kukiri kituoni, naye akaishi kwa amani huku mtu mwingine akiozea jela kwa kosa lake. Riwaya tunayoizungumzia huishi katika nafasi hizi.

Sheria ya Kenya imeuchukulia uzito tofauti hii. Tangu Sheria ya Ushahidi ilipofanyiwa marekebisho, kukiri kosa hakukubaliwi kuwa ushahidi ila kufanywe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua inspekta ambaye si yeye anayeipeleleza kesi, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Maana yake ni kwamba ile picha ya sinema, ambapo mpelelezi anamkazia macho mshukiwa hadi anamwaga yote, haina thamani mahakamani. Mwandishi asiyejua hili ataandika kilele kisichowezekana. Anayelijua atauliza swali la kusisimua zaidi: mshukiwa akiwa na haki ya kumchagua mtu mmoja wa kukaa kando yake, atamchagua nani? Mamaye? Mchungaji wake? Na mchungaji huyo atamshauri anene au anyamaze?

Sheria hiyo haikuzuka bure. Katika miaka ya 1980 watuhumiwa wa kundi la Mwakenya waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi, wakafikishwa kortini na kukiri mashtaka. Kabla ya hapo, katika vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilifungua kambi za wafungwa kote nchini. Mojawapo ilikuwa katika kisiwa cha Mageta, ambacho hadi leo hufikiwa kwa mashua kutoka Usenge. Katika mfumo wa kambi hizo, mfungwa alishinikizwa kuungama kiapo alichokula, na kuungama huko kukawa ndiyo hatua ya kuelekea kuachiliwa. Wahubiri nao waliingizwa katika mpango huo. Neno la kanisa lilichukuliwa na serikali na kufanywa kipimo cha utiifu.

Hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Riwaya ya Kikristo inayomsifu polisi mcha Mungu kwa kumfanya mfungwa aungame seli haiwezi kuandikwa katika ufuo huu kana kwamba Mageta haionekani. Tukiisahau historia hiyo tutawaambia wasomaji wetu kwamba kila kinachosemwa chini ya hofu ni toba. Kwa upande mwingine, mwandishi anayeikumbuka anaweza kumfanya afisa wake ajiulize jambo gumu: je, machozi ya mtu huyu yametoka kwa Mungu, au yametoka kwangu mimi niliyeshika funguo?

6.0 Makanisa Matatu, Misuko Mitatu

Si makanisa yote yanayouchukulia uungamaji kwa namna moja, na tofauti hizo huzaa misuko tofauti. Tutataja tatu zinazopatikana katika Nyanza.

Kwa Wakatoliki, waliofungua misheni Kisumu mwaka 1903, mwungamaji husema na padri kwa siri, na sheria ya Kanisa inamkataza padri kabisa kuitoa siri hiyo. Taharuki yake ni ya ukimya: mtu mmoja mjini anajua jibu, mpelelezi anajua kwamba anajua, na hakuna la kufanya.

Kwa Waanglikana walioguswa na uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930, mambo ni kinyume. Waliookoka walisimama hadharani wakataja dhambi zao, na wengine wakarudisha mali waliyoiba. Uamsho huo ulizua pia mabishano makali, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi lililojulikana kama Johera, yaani watu wa upendo, likajitenga chini ya Abednego Matthew Ajuoga na kuunda Kanisa la Kristo Afrika. Taharuki hapa ni ya mdomo uliofunguka: mtu akisimama kutoa ushuhuda na kutaja kosa ambalo polisi hawajalijua, naye konstebo akiwa ameketi benchi la tatu, je, amesikia akiwa ndugu au akiwa afisa? Na katika dhambi aliyoitaja kuna washirika wengine ambao hawakuomba kutajwa.

Kwa makanisa ya Roho na kwa Legio Maria, lililoanzishwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko mwanzoni mwa miaka ya 1960, nafasi kubwa hupewa maono, ndoto na unabii. Nabii anaweza kuifichua dhambi ambayo mwenyewe hajaitaja. Taharuki ni ya tuhuma: polisi hawezi kuandika ndoto katika kitabu cha matukio, lakini mji umekwisha kuisikia na aliyetajwa yu hatarini. Ikiwa aliyetajwa anaitwa mchawi, afisa atalazimika kumlinda mtu ambaye kila anayesali naye amekwisha kumhukumu. Bwana Msa angeifahamu kesi hii vizuri.

7.0 Kasoro za Kuepukwa

Kutokana na yaliyotangulia, tunaweza kutaja kasoro tatu ambazo mhakiki azitafute, na mtunzi aziepuke.

Ya kwanza ni muujiza unaofumbua fumbo. Mpelelezi akiomba usiku na asubuhi akaoteshwa jina la muuaji, msomaji amedhulumiwa. Sala inaweza kumtuliza mpelelezi, kumrudisha kwa shahidi aliyempuuza, au kumzuia asimpige mshukiwa. Dalili zenyewe zitoke ulimwenguni.

Ya pili ni wokovu unaoifuta kesi. Mhalifu anaokoka katika sura ya mwisho, kwaya inaimba, na mjane hatajwi tena. Nathani hakumfanyia Daudi hivyo. Mfalme alisamehewa, na bado matokeo ya tendo lake yakaifuata nyumba yake. Toba ya kweli humwongezea mhalifu mzigo wa kulipa alichoharibu, haumpunguzii.

Ya tatu ni polisi asiye na doa. Msomaji wa Kenya ameona mengi. Sheria ya 2011 iliunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, kwa sababu wananchi walikuwa na malalamiko ya haki. Msomaji wa Nyanza, zaidi ya hayo, anakumbuka mwili wa Waziri Robert Ouko ulivyoonekana Got Alila, karibu na Koru, Februari 1990. Mpelelezi aliletwa kutoka Uingereza, tume ikaundwa kisha ikavunjwa mwaka 1991, aliyeshtakiwa akaachiliwa, na hakuna aliyetiwa hatiani. Kwa msomaji huyu jalada lisilofungwa si mbinu ya kiusimulizi. Akisoma riwaya ambamo afisa mwema anafumbua kila kitu kwa kurasa mia mbili, ataiweka kando. Akisoma riwaya ambamo afisa anayeamini anaijua kweli na kuzuiwa kuifikisha mahakamani, ataliona swali la imani katika ukali wake: je, mtu aendelee kutenda haki pale ambapo haki haitendeki?

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba riwaya ya upelelezi ya Kikristo ni utanzu wenye mizizi mirefu, na kwamba kanuni zake bora zilitungwa na watu wa dini wenyewe waliokataa kuitumia imani kama njia ya mkato. Tumeonyesha kwamba vipande vyake vimo katika urithi wetu, kutoka kwa Abdulla na Katalambulla hadi kwa Kezilahabi, Ngũgĩ na Ogola. Tumependekeza kwamba mji kama Usenge, wenye mamlaka zinazopishana, lugha zinazotafsiriana na makanisa yenye namna tofauti za kuungama, unaupa utanzu huu mandhari yanayoufaa.

Linalobaki ni kazi yetu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili. Fasihi pendwa tusiiachie wachuuzi wa vituo vya mabasi, kisha tukalalamika kwamba haina maana. Tuitafutie nafasi katika tasnifu zetu na katika mashindano yetu ya utunzi, tukiidai ukweli kama tunavyoidai riwaya dhati. Methali husema za mwizi ni arobaini, na riwaya nyingi za upelelezi hukomea siku ya arobaini. Riwaya tunayoingoja itaanzia siku ya arobaini na moja, wakati mwizi ameshikwa, nyavu zimerudishwa, na mwenye nyavu na mama wa mwizi wanajua kwamba Jumapili watakaa kanisa moja.